Kamera ya Sony RX100 VII au Ricoh GR III kwa safari?
Zote mbili zilitoka 2019 na zote zinaingia mfukoni. Sony ina zumu inayolingana na milimita 24 hadi 200: ukiwa garini Mikumi, twiga wa mbali unamvuta karibu. Ricoh haina zumu ya lenzi. Ukitaka ukaribu, tembea. Ila sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kubwa zaidi, na jioni kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe picha zake hazina chengachenga nyingi. Flashi haina, Sony inayo. Betri ni ugonjwa wa zote: takriban picha 200 kwa Ricoh, 260 kwa Sony. Nunua ya akiba. Na vumbi likishaingia ndani, ni vigumu kulitoa mwenyewe. Wa mbugani achukue Sony, wa mitaani Ricoh. Anayekwenda kote, aangalie pochi; Sony ndiyo ghali.