Glukomita inayotuma vipimo kwenye simu: uzoefu wangu wa miezi sita

Glukomita, yaani mashine ya kupimia sukari kwenye damu, yoyote nzuri inapima. Hii ninayotumia, inayounganishwa na simu kwa Bluetooth, nimeipendea jambo jingine: programu yake inaweka kipimo cha kabla ya kula na cha baada ya kula kwenye mstari mmoja. Kabla ya ugali, 6.4 mmol/L (kizio cha sukari kwenye damu). Saa mbili tangu tonge la kwanza, 12.1. Kesho yake ugali nusu, maharage, mchicha tele: 6.2, kisha 8.9. Somo la lishe la kliniki hapo ndipo linapoeleweka.

Ila alama ya "kabla" au "baada" unaibonyeza mwenyewe kila ukipima. Usipoibonyeza, wastani unakudanganya. Anayepima alfajiri tu huonekana yuko sawa huku sukari ikipanda kila mchana, mpaka HbA1c, kipimo cha maabara cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, ije imuumbue.

Saa ya mashine nayo ikague kila unapobadili betri. Programu inahesabu saa 24, kwa hiyo kikumbusho cha saa 2 usiku kiandikwe 20:00. Vipimo visipofika kwenye simu, fungua mipangilio ya betri uiruhusu programu ifanye kazi bila kizuizi. Simu za Android 11 kurudi nyuma huhitaji pia ruhusa ya mahali, la sivyo haziioni mashine.

Kosa kubwa zaidi huanzia kidoleni. Nawa kwa sabuni ukauke kabisa, maana maji ya embe yaliyobaki kwenye ngozi yanapandisha namba. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, usikamue kwa nguvu: majimaji ya mwilini yanachanganyika na damu. Kopo la stripu, vile vijikaratasi vya kupokea tone la damu, lifunikwe papo hapo, hasa sisi wa pwani, kwani unyevu unaziharibu. Langu linadumu miezi 3 likishafunguliwa, na tarehe naiandika kwenye kifuniko. Stripu mbili zikitofautiana kidogo usihangaike. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu asilimia 15, yaani 10 halisi inaweza kusomeka 8.5 hadi 11.5.

Udhaifu wake ni orodha ya vyakula. Haina ugali, haina chapati, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Mimi naandika "ugali, ngumi moja" kwenye sehemu ya maoni. Tahadhari ya sukari kushuka chini ya 3.9 inalia vizuri, lakini haikuambii ufanye nini: gramu 15 za sukari, kama vijiko 3 vya chai vilivyojaa, kwenye maji, kisha upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kabla ya kununua, soma boksi uone kama inasoma mmol/L. Ikisoma mg/dL, utagawa kwa 18 kila siku ili upate mmol/L. Kisha piga hesabu ya stripu. Jozi moja ya kabla na baada kwa siku, leo chai, kesho chakula cha mchana, inamaliza kopo la 50 kwa siku 25. Ulizia kama dukani kuna kopo la pili la aina hiyohiyo kabla hujatoa hela ya mashine.