Kamba za Mpira za Mazoezi kutoka Kariakoo: Zinafaa kwa Mabega Yanayouma?

Seti niliyoinunua katika duka la vifaa vya michezo Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo, kwa shilingi 40,000, ina kamba tano za mpira za rangi tofauti, vishikio viwili, mikanda miwili ya miguuni, kishikizo cha mlangoni na kifuko cha kubebea. Ninaitathmini kwa ajili ya watu wa rika langu, waliovuka miaka 50, ambao mabega au viwiko vimeanza kuwasumbua lakini hawataki kuacha kuimarisha mikono, kifua na mgongo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya kujenga misuli walau siku 2 kwa wiki, na maumivu ya bega pekee hayatuondoi katika hesabu hiyo.

Bega huzunguka kwa uhuru kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na gharama ya uhuru huo ni uimara wake: kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kikombe chenye kina kifupi, kikishikiliwa kwa sehemu kubwa na misuli minne midogo pamoja na kano zake. Hapo ndipo kamba zinapovizidi vyuma, kwa maoni yangu. Chuma kina uzito uleule tangu unapokigusa, ilhali kamba huanza kwa ulaini na kukaza kadiri inavyovutwa. Tena kila mkono hushika njia yake, tofauti na fito ndefu ya jimu inayoifunga mikono yote miwili pamoja.

Zoezi ambalo seti hii inalitenda vizuri kupita yote ni la kuvuta. Kamba ipitishwe kwenye nondo imara ya dirisha, kwenye kimo cha kifua, viganja vitazamane, kisha viwiko virudishwe nyuma vikipita karibu na mbavu hadi mabamba ya mabega yakaribiane. Kurudisha mikono mbele kufanyike polepole, kwa kuhesabu hadi tatu, kwa sababu misuli hufanya kazi kubwa hata inaporefuka. Kamba nyepesi kuliko zote, ambayo vijana huidharau, ndiyo ninayoithamini zaidi: ukibana taulo dogo lililokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko kikiwa kimepinda nyuzi 90, na kuusogeza mkono kuelekea nje, unaifikia ile misuli midogo ya bega moja kwa moja. Kwa kifua, bado ninapendelea pushapu za kuegemea ukuta au meza nzito.

Kasoro zipo. Kamba nzito imeandikwa paundi 50, yaani karibu kilo 23, lakini namba hiyo haimwambii mnunuzi kamba inapaswa kurefuka kiasi gani ili kufikia mvuto huo, kwa hiyo aichukulie kama alama ya kutofautisha kamba tu. Kishikizo cha mlangoni kinahitaji uangalifu mkubwa: simama upande ambao mvuto wako unauzidishia mlango kufunga, na uufunge kwa ufunguo, la sivyo unaweza kukufungukia usoni. Mpira nao huchoshwa na jua, joto na mafuta, mambo ambayo Dar es Salaam hayaadimiki. Usiuache ndani ya gari, ufute jasho baada ya mazoezi, na ukiona ufa hata mdogo karibu na kishikio, itupe kamba hiyo. Mwenye mzio wa mpira wa asili aulize kwanza kamba imetengenezwa kwa mpira wa aina gani.

Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu makali ndani ya kiungo ni amri ya kusimama. Aliyewahi kuteguka bega, kufanyiwa upasuaji, au anayehisi ganzi mkononi aanze kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Muuzaji aliniruhusu kuzivuta kamba zote kabla ya kulipa, nami nawasihi wanunuzi wengine waombe hivyo hivyo, wakikagua hasa pale mpira unapoingia kwenye ndoano ya chuma, maana ndipo seti mbovu huchomokea.