Kula nje: Mtwara mjini au Mikindani?

Mgeni anayetafuta mlo mzuri Mtwara ana njia mbili: kubaki mjini, au kusafiri takriban kilomita 10 hadi Mikindani.

Kwa samaki, ninachagua mjini bila kusita. Feri, panapovukiwa kwenda Msangamkuu, mlaji huweza kumchagua mwenyewe samaki, pweza au ngisi kabla hajakaangwa, mradi afike mapema, kwani joto la pwani halimsubiri samaki. Mama lishe nao huuza wali wa nazi kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu kila siku, na kwangu hilo lina uzito mkubwa.

Mikindani hupendeza kwa utulivu wake. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, sasa ni hoteli ambamo mtu anaweza kula akiwa na mji mkongwe na ghuba chini yake, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi.

Kwa mikate, mjini panashinda kwa wingi: boflo, maandazi na skonzi hupatikana madukani tangu alfajiri. Hata hivyo, mkate ninaouthamini kuliko yote ni wa kumimina, unaotengenezwa kwa mchele uliosagwa, tui la nazi, hamira, sukari na iliki, kisha ukapaliwa makaa juu na chini. Huo, iwe mjini au Mikindani, ni afadhali kumwagiza mpishi wa nyumbani siku moja kabla, kwa kuwa unga wake unahitaji muda wa kuumuka.