TAHADHARI DODOMA: Kuna watu wanapita majumbani na "ilani ya madai" ya kodi ya majengo

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika hasa kwa wenye nyumba wa Nkuhungu, Chang'ombe na Mnadani, ingawa nasikia Nzuguni nako wameshafika.

Kuna vijana wawili, mara nyingine na dada mmoja, wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na kishikwambi, vizibao vya kung'aa na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Wanabisha hodi mchana, muda ambao watu wako kazini na nyumbani wamebaki wazee na dada wa kazi. Wanakabidhi karatasi yenye nembo ya taifa, imeandikwa ILANI YA MADAI. Ndani yake kuna jina la mwenye nyumba, namba ya kiwanja, kitalu, kisha orodha: kodi ya jengo ya miaka iliyopita, riba, ada ya uthamini, ada ya kufungua faili. Mzee mmoja jirani yangu walimwandikia 486,000. Alipoanza kushangaa, wakamwambia akilipa siku hiyo hiyo riba inafutwa inabaki 350,000, asipolipa watarudi na rangi nyekundu. Mnajua wenyewe alama ya X ukutani, ile ya nyumba ya kubomolewa, inavyomfanya mtu asilale.

Mzee akalipa. Si mjinga, tena ni mstaafu anayetunza kila karatasi yake kwenye bahasha. Kilichomponza ni kwamba baada ya kulipa alipewa risiti ya kweli ya Serikali.

Hapo ndipo penye ujanja wote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Zile 350,000 alizituma kwenye lipa namba, na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la duka. Wakamwambia ni la wakala wa makusanyo. Muda mfupi baadaye wakamwonyesha malipo yaliyofanyika kwa namba ya malipo ya Serikali (ile tunayoiita kontroo namba), yakiwa na jina lake na kiwanja chake. Mwanaye aliporudi jioni akaisoma ile risiti kwa utulivu: ni kodi ya pango la ardhi, shilingi 28,400. Yaani wamemlipia deni dogo halali alilokuwa nalo kweli upande wa ardhi, wakachukua kinachobaki chote. Mzee alikuwa anaangalia jina lake na nembo. Kiasi na aina ya malipo hakuviangalia, na nadhani wengi wetu tungefanya vivyo hivyo.

Nyumba yako ina kodi mbili tofauti na kumbukumbu zake zinakaa sehemu mbili tofauti. Hawa jamaa wanaishi kwa kuzichanganya.

Ya kwanza ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa hapa mjini. Kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500, yaani 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na 90,000 kwa kila sakafu. Haiangalii una vyumba vingapi wala umeweka vigae gani. Kwa hiyo ukisikia "ada ya uthamini" kwenye nyumba ya kawaida, jua mtu anatunga.

Sasa fanya hesabu. Chukua nyumba isiyo ghorofa ambayo luku yake haijawekwa umeme hata mara moja tangu utaratibu uanze. Agosti 2021 hadi Juni 2023 ni miezi 23, sawa na 23,000. Julai 2023 hadi Juni 2025 ni 36,000. Jumla 59,000. Hata ukiongeza miaka ya nyuma yake, ilipokuwa 10,000 kwa mwaka, hufiki popote karibu na 486,000. Na mzee wetu ananunua umeme kila mwezi! Kodi yake ameshakatwa bila kuulizwa.

Ushahidi uko kwenye simu yako. Fungua ujumbe wa luku wa manunuzi ya kwanza ya mwezi, usisome uniti tu. Chini yake kuna mchanganuo: VAT, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3, na makato ya kodi ya jengo. Ukinunua tena mwezi huo huo hayo makato hayaonekani, maana yameshachukuliwa. Ukikaa miezi kadhaa bila kununua, yanajilimbikiza, na siku ukinunua yanakatwa kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu anaweka 5,000 kwenye nyumba iliyokaa tupu anapata uniti za kuchekesha, kisha anakwenda kugombana na kijana wa kibandani. Msifute hizo meseji. Ndiyo risiti zenu.

Wenye nyumba moja yenye mita zaidi ya moja, mfano mmewawekea wapangaji kila mmoja yake, angalieni kama kila mita inakatwa. Jengo ni moja na kodi yake ni moja. Hilo linarekebishwa ofisini kwa kupeleka namba za mita zote. Halirekebishwi barazani na mtu mwenye kishikwambi.

Ya pili ni kodi ya pango la ardhi. Hii haihusiani na luku kabisa. Inafuata kiwanja: ukubwa wake kwa mita za mraba, eneo kilipo, na matumizi yaliyoandikwa, makazi au biashara. Ndiyo maana yako na ya jirani zinaweza kutofautiana. Inaanza kudaiwa kila Julai na ukichelewa inaongezeka riba. Kuiona si lazima umtume mtu. Piga *152*00# ufuate sehemu ya ardhi, au ingia tovuti ya Wizara ya Ardhi, au nenda mwenyewe ofisi ya ardhi na nakala ya hati. Andaa namba ya kiwanja na jina la kitalu kama vilivyoandikwa kwenye hati, si kama mnavyoita mtaani. Utapewa ankara yenye namba ya malipo, na hiyo namba huanza na 99 na ina tarakimu 12. Lipa deni lililoandikwa humo, basi.

Mtu akikuletea karatasi moja iliyojumlisha kodi ya jengo na kodi ya ardhi kwenye deni moja, usihangaike kuuliza swali lingine. Funga geti.

Najua mtauliza wanapata wapi majina na namba za viwanja. Jamani, si tumeziandika wenyewe ukutani? Kwa migogoro ya viwanja ya hapa Dodoma, nyumba hadi nyumba imeandikwa kwa rangi: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, HAKIUZWI. Ongeza vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022. Jina lako anakutajia mtoto wa jirani akiulizwa "hapa kwa nani?" Kwa hiyo usitishike kwa kuwa karatasi ina taarifa sahihi.

Wazee wana mtego wao wa peke yake, nao unaitwa CDA, ile mamlaka ya zamani iliyokuwa ikigawa viwanja hapa Dodoma. Wanaambiwa "mafaili yenu ya CDA hayajaingizwa kwenye mfumo, mtanyang'anywa kiwanja." CDA ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo leo ndiyo Jiji. Walio na hati za zamani za miaka 33 wanajua kulikuwa na zoezi la kuzibadili ziwe za miaka 99, na woga wa kuachwa nyuma ndio unaouzwa. Kama hati yako bado ni ya zamani, hiyo ni shughuli halali ya dirisha la ardhi, yenye fomu na ankara. Mama mmoja Chang'ombe alikuwa ameshatoa hati halisi kabatini ili wakaipige picha "ofisini". Mjukuu wake ndiye aliyeizuia mlangoni. Pesa inauma lakini inatafutwa tena. Hati ikitoka mkononi mwako, hujui itarudi vipi au itaibukia wapi.

Huyo mama alidaiwa pia 50,000 za "kusajili msamaha wa uzee". Msamaha upo kweli kisheria: mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, au mwenye ulemavu, asiye na kipato, hatozwi kodi ya jengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Haununuliwi kwa kutuma hela kwenye simu ya mtu. Nyumba za tope na za nyasi za kuishi nazo hazimo kwenye kodi hii, kwa hiyo ndugu zangu wenye matembe pembezoni mwa mji, huyo anayewapimia paa ameanza kuchoka na mjini.

Mimi nisingeshindana nao. Muulize anatoka ofisi gani, mwambie twende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtumishi wa kweli kwa kawaida anaanzia huko, na hatachukia kupelekwa. Hawa walipoambiwa hivyo mtaani kwetu, walikumbuka wana kikao.

Ukipigiwa simu au kutumiwa ujumbe wa aina hii, peleka namba hiyo kwa SMS kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukihisi ni mtumishi halisi anayetaka kitu cha mfukoni, TAKUKURU ni 113, bure. Aliyekwisha kutuma pesa apige 100 ya mtandao wake haraka kabla hazijatolewa, kisha aende polisi achukue RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yake.

Mwenyekiti wetu anakusanya malalamiko ili yaende polisi kwa pamoja. Kama uliwalipa, usifute ujumbe wa muamala, na ile karatasi yao usiichane. Polisi wanahitaji namba ya muamala, saa, na jina lililotokea kwenye lipa namba.