Filta ya tangi la samaki: ipi ununue kwanza ukiwa Nairobi

Mtu akiamua kufuga samaki wa mapambo sebuleni, pesa nyingi huenda kwenye tangi na kwa samaki wenyewe, halafu filta hununuliwa kwa chenji iliyobaki. Ningependa ufanye kinyume. Samaki wengi wanaokufa katika wiki za mwanzo huuawa na amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua yao, kinyesi chao na chakula kilichobaki kikaoza. Kinachowaokoa ni bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao huishi wakiwa wamejishika kwenye kitu, na makao yao makuu ni filta. Takataka inayonaswa humo ni faida ya pili tu.

Nimezipanga filta nikifikiria tangi la lita 40 hadi 120, maana ndilo linaloingia kwenye nyumba nyingi za kupanga, iwe bedsita ya Roysambu au vyumba viwili vya South B. (Lita mia ya maji ina uzito wa kilo mia, kabla hujaongeza kioo na mawe. Kabati la TV la mbao laini halikutengenezwa kwa mzigo huo.) Vipimo vyangu ni vitatu: filta itafanya nini stima ikipotea, itaingiza hewa kiasi gani majini, na ni rahisi kiasi gani kuisafisha bila kuwaua bakteria.

Kipimo cha hewa hakipewi uzito wake hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo maji yenye joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa takribani moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Idadi ya samaki unayosoma kwenye maelekezo ya watu wanaoishi pwani huenda ikawa kubwa mno kwa tangi la Lang'ata. Filta inayotikisa uso wa maji ina alama za ziada hapa.

Nambari 1: Filta ya sponji na pampu ya hewa

Hii ndiyo ninayompendekezea yeyote anayeanza, na hata wanaozalisha samaki kwa wingi huitegemea. Ni sponji iliyovishwa kwenye bomba la plastiki. Pampu ndogo iliyo nje ya tangi husukuma hewa kupitia mpira mwembamba, na viputo vikipanda ndani ya bomba huvuta maji yapite kwenye sponji. Ndani ya maji hakuna mota wala waya wa umeme. Vifaranga wa gapi, samaki wadogo wa mapambo, hawamezwi nayo, na viputo vikipasuka juu vinatikisa uso wa maji mchana na usiku. Bei yake, pamoja na pampu, kwa kawaida iko chini kuliko filta nyingine za maana.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani mpaka asubuhi. Katika hali ya namna hiyo samaki hukosa hewa kwanza, na bakteria waliomo ndani ya filta iliyosimama huanza kufa. Filta ya sponji ndiyo rahisi zaidi kuendelea kufanya kazi, kwa sababu zipo pampu ndogo za hewa za USB zinazotumia pawabenki. Ijaribu mapema, mchana, kwa saa nzima ukiitazama: pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona umeme unaovutwa ni mdogo, na hutaki kugundua hilo saa nane za usiku.

Kuna kidude kimoja ambacho usiondoke dukani bila hicho: valvu ya njia moja. Stima ikikatika, pampu husimama na maji hupata nafasi ya kurudi nyuma kwenye mpira. Kama pampu iko sakafuni, maji yatashuka polepole hadi ndani yake, kisha hadi kwenye ekstensheni iliyolala hapo chini. Valvu hii huikata njia hiyo. Kabla hujaifunga, ipulize kwa mdomo: upande mmoja hewa inapita, upande wa pili inagoma. Upande unaopitisha pumzi yako ndio unaoelekea kwenye pampu. Pia, ukiweza, iweke pampu juu kuliko usawa wa maji, ili hata valvu ikichakaa usipate shida.

Kasoro zake ni kelele za viputo, nafasi inayochukuliwa ndani ya tangi, na kwamba maji hayatang'aa kama ya kwenye picha. Chagua sponji yenye matundu makubwa kidogo, maana yenye matundu madogo sana huziba haraka. Kila baada ya wiki mbili hadi nne, ikamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini. Usiioshe kwa maji ya mfereji: klorini imewekwa humo kuua bakteria, na haiwezi kujua kwamba hawa wa kwako ni wema. Sponji ikibaki ya kahawia baada ya kukamuliwa, hiyo ni sawa kabisa.

Nambari 2: Filta ya kuning'inia mgongoni mwa tangi

Huninginizwa kwenye ukingo, hunyonya maji kwa bomba na kuyamwaga tena kama kijito. Inasafisha vizuri, inaingiza hewa, haichukui nafasi ndani, na kuifungua ni kazi ya dakika moja. Ingeshika nafasi ya kwanza mjini kwetu kama si stima. Baadhi ya aina zake, umeme ukikatika, maji yaliyo kwenye bomba hushuka. Umeme ukirudi mota inazunguka kavu mpaka inaungua, na wewe uko kazini Upper Hill hujui lolote. Zile ambazo pampu yake imezama ndani ya maji huanza zenyewe bila kuombwa. Basi mwambie muuzaji: “Tafadhali, hebu izime dakika kumi kisha uiwashe tena.” Duka zuri huwa na moja inayofanya kazi, na halitakunyima jaribio hilo.

Pima pia ukingo wa tangi lako. Tangi la fundi wa vioo mara nyingi huwa na vipande vya kioo vilivyogundishwa juu kwa ndani ili kulitia nguvu, na vikiwa kwenye ukingo wa nyuma filta hii haitakaa. Na ile katriji (kichujio cha kuchomeka ndani ya filta) ya kubadilisha kila mwezi, kama ilivyoandikwa kwenye boksi, ukiitupa umetupa bakteria pamoja nayo. Ikichakaa, weka sponji iliyokatwa kwa kipimo na vigae vidogo vya kauri vya kukaliwa na bakteria, vitu vinavyodumu kwa muda mrefu.

Nambari 3: Filta ya ndani yenye mota

Hii ndiyo utakayoonyeshwa kwanza katika maduka mengi: bomba jeusi lenye vinyonyo vya kushika kioo, na sponji ndogo tumboni. Udogo wa sponji hiyo ndio tatizo, maana makao ya bakteria ni machache na huziba upesi. Mkondo wake unaweza kuwa mkali mno kwa beta, samaki mdogo wa mapambo, na kwa samaki wa dhahabu wenye mapezi marefu. Ukiona samaki anajificha kwenye pembe siku nzima, angalia mkondo kabla ya kumshuku mgonjwa. Ukishainunua, mdomo wake uelekezwe juu ili uvunje uso wa maji.

Tazama lita kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa ikiwa tupu, bila sponji. Lenga maji ya tangi yapite mara nne hadi sita kwa saa, yaani lita 240 hadi 360 kwa tangi la lita 60, na uchukue iliyo juu kidogo ya hapo.

Nambari 4: Filta ya mtungi

Huu ni mtungi uliofungwa unaokaa nje ya tangi, na maji huingia na kutoka kwa mipira. Kwa tangi la lita 200 lenye samaki wa dhahabu wakubwa au mbuna, samaki wa Ziwa Malawi, ningeipandisha juu ya orodha bila kusita. Ina nafasi kubwa ya vigae vya kauri, ni tulivu, na hufichwa kabatini. Kwa tangi dogo bei yake haina sababu. Tena mtungi umefungwa kabisa: stima ikikosekana kwa saa kadhaa, oksijeni iliyomo inakwisha, bakteria wanakufa na maji yale yanaharibika. Umeme ukirudi, uchafu wote unasukumwa kwa samaki. Anayemiliki mtungi lazima awe tayari kuufungua baada ya giza refu, kumwaga maji yaliyomo na kusuuza vigae kwa maji ya tangi kabla ya kuuwasha.

Nambari 5: Filta ya chini ya changarawe

Ni sahani yenye matundu inayolazwa chini ya changarawe, na changarawe yenyewe ndiyo huchuja. Inafanya kazi, lakini ikiziba unabomoa tangi zima. Kwa mpangaji anayehama mara kwa mara ni mateso.

Bakuli la kioo lisilo na filta silipi nafasi yoyote, hata kwa beta. Beta anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, lakini amonia inamchoma kama inavyowachoma wengine. Na kasha la hazina linalotoa viputo ni pambo tu.

Kabla hujalipa

Soma kibandiko cha umeme: kiwe 220–240V na 50Hz. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani ni vya volti 110 hadi 120, na ukivichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa vitaungua.

Wasiwasi wa tokeni usikufanye uizime filta usiku. Pampu ya hewa ya wati 3 ikiwaka mwezi mzima hutumia uniti mbili hivi. Filta ya ndani ya wati 8 hufika karibu sita. Kinachokula tokeni ni hita: ya wati 100 ikifanya kazi nusu ya siku humaliza kama uniti 36 kwa mwezi. Kwa baridi ya Julai, beta na neoni, samaki wadogo wa maji ya joto, wanaihitaji. Danio wenye mistari, samaki wengine wadogo, huishi vizuri kati ya nyuzi 18 na 25, na kwa nyumba isiyoingiwa sana na baridi unaweza kuwafuga bila hita.

Ujue pia maji yako yanatoka wapi, kwa sababu yanaamua filta itafanya kazi vipi. Ya mfereji hutoka kwa sehemu kubwa kwenye mabwawa kama Ndakaini huko Murang'a na Sasumua huko Nyandarua. Ni maji laini, yenye madini machache. Bakteria wa filta hutumia ualkali wa maji (uwezo wake wa kuzuia asidi) wanapofanya kazi, kwa hiyo kwenye maji kama haya pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, inaweza kushuka polepole, na ikishuka chini ya 6.5 kasi yao inapungua sana. Dawa yake ni kubadilisha robo ya maji kila wiki. Yale unayoyahifadhi kwenye mitungi kwa sababu ya mgao yanafaa: yaache wazi saa 24 klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa. Kwa maji ya kisima cha kuchimbwa hali ni tofauti. Mara nyingi pH yake huwa juu, na pH ikiwa juu amonia ileile inakuwa kali zaidi. Hapo usiingize samaki hata mmoja kabla filta haijakomaa, yaani kabla bakteria hawajaongezeka vya kutosha.

Kukomaa huchukua wiki nne hadi sita, na maji baridi huchelewesha. Washa filta bila samaki, tia chembe chache za chakula kila siku, na upime amonia na nitriti kwa vipimo vya matone, ambavyo ni bora kuliko karatasi za kupimia. Kama una rafiki mwenye tangi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika, kibebe kikiwa kimelowa maji ya tangi lake, na ukiweke ndani ya filta yako siku hiyohiyo. Hakuna chupa ya bakteria ya dukani ninayoiamini kama kipande hicho. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa wiki nzima huku ukiendelea kutia chakula, nenda ukanunue danio sita kwa tangi la lita 60. Walishe kidogo mara moja kwa siku, na upime tena kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili kabla ya kuongeza wengine.