Uzoefu wangu: Croome, mahali Capability Brown alipogeuza kinamasi kuwa bustani

Ukienda Croome, shamba la kale la makabaila huko Uingereza, kwa ajili ya maua tu, unaweza kurudi umenuna. Kilichonipeleka mimi huko Worcestershire ni kazi ya Lancelot Brown, mbunifu wa bustani na mandhari wa karne ya 18, ambaye wengi wanamjua kama Capability Brown, na nimetoka nimeridhika kabisa. Waswahili mlioko Birmingham na miji ya jirani, nendeni.

Kutoka mapokezi unapita kwanza kwenye vichaka, hujui mbele kuna nini. Ukifika kanisani juu ya kilima, nchi yote inafunguka: nyumba kubwa ya mawe bondeni, maji yanang'aa, na upande wa magharibi milima ya Malvern. Nilisimama pale muda mrefu. Hata hilo kanisa liliwekwa hapo makusudi. La zamani lilikuwa karibu na nyumba, likabomolewa, na hili jipya likazinduliwa mwaka 1763 ili lionekane vizuri kutoka chini.

Brown alizaliwa kijijini Kirkharle, Northumberland, akabatizwa mwaka 1716, na akaanza kazi kwenye bustani ya kabaila wa hapohapo. Mwaka 1741 alihamia bustani kubwa ya Stowe, akafanya kazi chini ya mbunifu William Kent. Croome, aliyoianza mwaka 1751 kwa mwenye shamba hilo, Earl (cheo cha ukabaila) wa 6 wa Coventry, ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza ya kujitegemea, na alikabidhiwa vyote, nyumba na ardhi.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonigusa zaidi. Ardhi ile ilikuwa kinamasi. Ule "mto" unaopindapinda taratibu ulichimbwa kwa mikono ya watu, kwa koleo, miaka na miaka. Chini ya majani unayoyakanyaga kuna mifereji ya matofali inayokusanya maji na kuyapeleka ziwani. Uzuri wote wa juu umeshikiliwa na kazi usiyoiona. Tafuteni pia mtaro wenye ukuta uliozama ndani yake: ukiwa upande wa nyumba huuoni, unaona majani yameendelea moja kwa moja, kumbe mifugo haiwezi kuvuka. Kwangu ule ni ufundi wa hali ya juu.

Kando ya ziwa kuna jiwe la kumbukumbu ambalo Earl huyo alimwekea Brown, linalosifu kipaji chake kwa kuitoa bustani kwenye kinamasi. Anastahili. Lakini wachimbaji nao walistahili majina yao yaandikwe mahali, na nilipokuwa pale niliwawaza wao kuliko Earl.

Wala si kila kazi aliyoshiriki naipenda. Kule Dorset, katika miaka ya 1770, Lord Milton aliuondoa mji mzima uliokuwa karibu na nyumba yake, na Brown alihusika kupanga kijiji kipya cha Milton Abbas. Watu kuhamishwa ili bwana apate mandhari, hapana.

Vaeni viatu vya matope na mtenge siku nzima. Kuzunguka ziwa kwa haraka ni kujipunja. Ingekuwa vizuri mfike kipindi miti haina majani, mnaona mpangilio wa vilima waziwazi.

Walioko London ambao Croome ni mbali, waende jumba la kifalme la Hampton Court, ambako Brown aliteuliwa kuwa mtunza bustani wa mfalme mwaka 1764. Mzabibu uliopandwa wakati wake, mwaka 1768, ungali unazaa, na zabibu zake huuzwa kwa wageni baada ya mavuno.