Nimeingia geto la Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa rock, London, nendeni

Aisee mi nilienda nikitegemea magitaa yamepangwa kwenye makabati ya vioo, majaketi yale ya kijeshi, mapicha ya gitaa alilolichoma jukwaani kwenye tamasha la Monterey 1967, kumbe naingia chumbani kwa mtu. Handel Hendrix House ni makumbusho, nyumba mbili zimeungana pale Brook Street, Mayfair, na huko juu namba 23 ndo Jimi alipanga na mpenzi wake Kathy Etchingham kuanzia 1968 mpaka 1969, kodi pauni 30 kwa wiki. Chumba kimoja ndo kila kitu, kulala humo, wageni humo, kupiga gitaa humo, waandishi wa habari wakija kumhoji wanamkuta kakaa zake kitandani. Geto kabisa yani.

Sasa niwaambie mapema, vitu vingi humo ni kopi. Kitanda, mapazia, mito, wamevitengeneza upya kwa kufuata picha za zamani na kumbukumbu za Kathy mwenyewe, na kuna kaka mmoja nyuma yangu alikuwa anaguna mwanzo mwisho eti kalipa hela kuja kuangalia mapazia mapya. Mi wala hayakunisumbua, maana mapazia yenyewe original Jimi aliyanunua duka la John Lewis hapo Oxford Street, mtu aliyechoma gitaa mbele ya umati halafu anazunguka dukani anachagua mapazia jamani 😂 hiyo picha haijanitoka kichwani mpaka leo.

Ila gitaa ni lake kweli. Epiphone FT79, lile la kupiga kavu bila umeme, alilinunua New York mtumba kwa kama dola 25 hivi, likawa la nyumbani, la kutungia, na ndo alilotumia kuupanga upya ule wimbo wa Bob Dylan, All Along the Watchtower, kabla hajaupeleka kwenye maspika makubwa. Sisi tumezoea kumsikia akiwa na kelele zote zile, feedback (ule mlio wa gitaa na spika) na madoido, halafu unaliona hili limekaa kimya tu, mbao na nyuzi sita, unaelewa kumbe ngoma ilianzia hapa. Nilisimama mpaka mhudumu akaniuliza kama niko sawa.

Upande wa pili, namba 25, ni kwa Handel, mtunzi wa muziki wa classical wa zamani, alikaa hapo toka 1723 mpaka anafariki 1759, na Messiah, ule utunzi wake maarufu wa kwaya, aliitungia humo humo. Mi muziki wa classical hapana, nilipita haraka. Ila nilipenda kwamba Jimi alipojua nani alikuwa jirani yake, akaenda kununua santuri za Handel akawa anazisikiliza, hakujifanya mwanarock asiyegusa mambo hayo.

Kama humjui kabisa Jimi, soma kidogo kwanza, alivyoletwa London na meneja wake Chas Chandler 1966, alivyokuwa mashoto anageuza magitaa ya wa mkono wa kulia, alivyofariki Septemba 1970 ana miaka 27 tu, la sivyo utaona kitanda na zulia basi. Na nenda asubuhi, chumba ni kidogo, watu kumi mkijaa humo mnaanza kuombana samahani.

Nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya yule kaka wa mapazia.